Nyayo za Kajiru

Panzi waliingia Ishinga siku ya Jumatano, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika na majani ya migomba bado yanadondosha maji. Naetwe alikuwa akipalilia tangawizi. Alisikia kwanza ule mkwaruzo wao, miguu ya chuma juu ya mawe, kisha akawaona wakipanda kwa mstari kando ya shamba lake, kila mmoja na kapu la miche mgongoni. Hawakuvunja hata shina moja. Panzi hawakanyagi kitu kilichopandwa na mtu, ndivyo Bodi ya Ardhi ilivyowaunda. Walipofika penye mlango wa njia ya juu walisimama, wakakunja miguu, wakatulia pale kama wageni waliofika kabla ya wenyeji kurudi.

Simu ikamtetemekea kiunoni. Alipangusa tope mkononi kwa pindo la khanga, akasoma.

"Mtembeaji Naetwe. Njia ya Ishinga Juu imelala misimu miwili ya mvua. Isipopitwa hadi Jumamosi jua kuzama, itahesabiwa imekufa na ardhi yake itarudishwa msituni. Asante kwa kujitolea."

"Asante kwa kujitolea," alisema kwa sauti, na jembe likabaki limesimama udongoni.

Njia hiyo waliichora yeye na mumewe, Kajiru, kwa miguu yao wenyewe. Enzi zile milima ilikuwa imechoka. Kila mtu alipita anapotaka, wageni wa kupanda mlima nao wakikata kona ili wafike haraka kileleni, na kila mvua iliondoka na kipande cha mteremko. Bodi ya Ardhi haikuwa na watu wa kutosha kutembea milima yote, ikaomba wanavijiji wajitolee. Waliojitolea walipewa soli nyembamba za kutia ndani ya viatu. Soli ilijua mwendo wa mwenye kiatu, uzito wake, namna anavyoburuta kisigino, na kila hatua ikaenda kwenye Ramani ya Bodi. Njia iliyopitwa iliitwa hai, na ardhi ya pembeni yake ikahesabiwa ina watu. Njia isiyopitwa ililala, kisha ikafa, kisha panzi wakaja kuipanda miti.

Na ilifaa. Naetwe hakuwa mtu wa kuikana kazi yake. Chemchemi zilizokauka alipokuwa msichana zilirudi, na mteremko wa kanisani haukuporomoka tena.

Ila Ramani ilijua miguu tu. Haikujua msiba.

Kajiru alifia njiani huko juu, siku ya jua zuri, hana hata kikohozi. Aliketi juu ya jiwe la konani akavua kiatu cha kulia akung'ute changarawe, na moyo ukasimama hapo hapo. Walimkuta ameegemea mwamba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita pale. Watu walichepuka kabla ya mlango wa njia, wakapita chini, katikati ya maharage ya Mchome, kaka yake Kajiru, wakapanda juu ya ukingo wa ndiva, lile bwawa ambamo kijiji kizima hukusanya maji ya kumwagilia, ndipo wakairudia njia huko mbele. Kwenye Ramani, mstari wa juu ulififia. Mstari wa chini, ulioanza kama uzi, ukanenepa.

Kwao Naetwe, ng'ambo ya mlima, njia aliyofia mtu hufunguliwa na ukoo wa marehemu. Wao hutangulia, kisha humwita mjane apite nyuma yao. Naye alikuwa akisubiri kuitwa. Mvua za vuli zilipita akisubiri, na za masika. Hakuuliza. Mjane anayeuliza lini ataitwa huonekana ana haraka ya kusahau.

*

Wajitoleaji walikuwa na chumba kimoja katika ghala la zamani la kahawa. Nankondo, msimamizi wao, alikuwa ameketi sakafuni amezungukwa na soli zilizoharibika, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, kama kawaida yake.

"Nimeuona ujumbe," alisema kabla Naetwe hajabisha hodi. "Karibu dada. Usiketi kiti hicho, kitakuangusha."

Naetwe aliketi juu ya gunia. "Wakishaifuta ile ya juu, ya chini itakuwaje?"

"Itapewa hadhi. Ndiyo njia inayopitwa, si ndiyo? Wataipanua, wataweka ngazi, na wageni wote wa mlimani wataelekezwa hapo."

"Juu ya ndiva."

"Juu ya ndiva. Rangi ya maji umeiona wiki hii?"

Alikuwa ameiona. Aliposuuza sufuria asubuhi, maji yalikuwa kama chai iliyotiwa maziwa machache. Na hiyo ilikuwa kazi ya miguu ya kijiji tu.

"Si mtu mmoja tu apite pale juu, ihesabike?" Naetwe aliuliza. "Wewe una soli. Pita wewe."

Nankondo aliinama akaanza kuokota vipande vya soli ambavyo havikuhitaji kuokotwa. "Mimi nani, dada, nipite pale?"

Naetwe hakumsukuma. Alielewa kwamba ukoo bado haujaifungua njia.

"Kuna kitu kingine," Nankondo alisema, na sauti yake ikashuka. "Nimekifikiria tangu jana, sikujua kama nikwambie. Usiponitukana nitakuonyesha."

Alivuta kishikwambi, akakiweka juu ya mapaja ya Naetwe. Ramani ya Ishinga ikafunguka, mistari ya kijani na ya kijivu. Nankondo akagusa mahali, na kitone cha buluu kikatokea mlangoni kwa Naetwe.

"Nyayo za shemeji zote tunazo. Kila safari aliyowahi kutembea akiwa na soli. Mtambo wa Bodi hauwezi kutofautisha hatua ya leo na ya zamani ikiwa tarehe ni ya leo. Ni mwendo wake, uzito wake. Nikizipeleka, atakuwa amepita."

Kitone kikaanza kutembea.

Naetwe aliufahamu mwendo ule kabla akili haijauliza ni nini. Kitone kilitoka uani, kikarudi. Alikuwa amesahau kofia, siku zote alisahau kofia. Kikatoka tena. Kilifika kwenye uzio wa Mchome kikasimama muda mrefu, maana Kajiru na kaka yake hawakuwahi kupitana bila kubishana jambo. Kikasimama tena chemchemini, anakunywa maji. Kisha kikapanda polepole, kinapumzika pale anapopumzika yeye.

Alitambua anatabasamu. Hakufuta machozi kwa sababu hakutaka kuondoa mkono kwenye kishikwambi.

Kitone kilifika konani, penye jiwe. Naetwe aliinamia kioo. Hakikusimama. Kilipita pale kama mtu asiyejua chochote, kikaendelea juu kuelekea mashamba ya mlimani, siku fulani ya kawaida.

"Utakuwa ukimtuma kila wiki?" aliuliza baadaye.

"Kila wiki. Mpaka hapo... mpaka watu waanze kupita. Hakuna atakayeumia, dada. Maji yatabaki safi. Ndiva haitajaa tope. Na wewe," Nankondo alisita, "asubuhi ukitaka utafungua umwone anatoka."

Hilo la mwisho ndilo lililompata. Alikuwa ameshajiona ameketi jikoni kabla hakujapambazuka vizuri, chai mkononi, akingoja kitone kisahau kofia.

"Mtume kesho," alisema. "Mara moja tu, tuone."

*

Alhamisi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Naetwe alienda mwenyewe hadi mlango wa njia, akasimama mbali kidogo na panzi. Walikuwa vile vile, miguu imekunjwa, umande juu ya migongo. Mchome alikuwepo. Alikuwa ameegemea jembe kwenye mpaka wa shamba lake, mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoongea kanisani.

"Shemeji, umekuja kuwaangalia wadudu hawa?"

"Nimekuja kuwaangalia."

"Na mimi. Jana nimewaambia waondoke, hawakujibu. Nikawaambia kwa Kipare, ndiyo kabisa."

Naetwe alitaka kucheka, lakini wakati huo panzi wa mbele akanyoosha miguu.

Wote wakanyooka, mmoja baada ya mwingine. Wakahama njiani hatua chache, nusu huku, nusu kule, wakashusha migongo mpaka vikapu vikagusa majani. Ndivyo wafanyavyo panzi Ramani ikiwaambia kuna mtembeaji wa kupishwa. Njia ilibaki wazi katikati yao, tupu, majani marefu yamelalia huku na huku kwa uzito wa umande. Hakuna jani lililotikisika. Panzi walikaa wameinama muda wote ambao mtu mwenye mwendo wa taratibu angehitaji kupita. Kisha wakainuka.

Mchome alikuwa amevua kofia. Hakujua mwenyewe kwamba ameivua.

"Wamempisha nani?"

Naetwe hakuweza kumtazama. "Kajiru."

Akamweleza: kuhusu nyayo zilizo ghalani na tarehe mpya, na kuhusu ndiva. Mchome alisikiliza akigeuzageuza kofia mikononi. Naetwe alipomaliza, shemeji yake hakupiga kelele, na hilo lilimtisha kuliko kelele.

"Alisimama uzioni kwangu?"

"Alisimama."

"Muda mrefu?"

"Sana."

"Hiyo ni ile siku ya kesi ya mbuzi." Alivaa kofia, akaivua tena. "Shemeji, nisikilize. Ndiva ni ya watoto wangu pia. Ukisema tumtembeze, mimi sitakwenda kwa mtu kukusema. Lakini Ramani ile ndiyo inayosema ardhi ipi ina watu. Tukimtembeza Kajiru leo, mwakani kuna mwenye kutaka shamba la mwenzake atatembeza babu zake wote humo. Nani atambishia? Walio hai tuko wachache. Waliokufa ni wengi, na hawachoki."

"Najua."

"Na yeye alichoka. Ndiyo maana aliketi."

Naetwe alifunika mdomo kwa khanga. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na hakuwa amelipata neno lake usiku kucha. Kumtuma mtu aliyeketi apumzike apande mlima tena kila wiki, asahau kofia na kuirudia, asimame uzioni na kaka yake asimjibu. Eti kwa ajili ya maji. Na kwa ajili yake yeye, apate kumtazama.

"Basi fungueni njia!" alisema, na hasira iliyokaa ndani yake mwaka mzima ikatoka yote pamoja. "Nimengoja! Ukoo mzima mnapita chini kana kwamba hamjui kuna mjane hapa anangoja kuitwa. Kama hamnitaki nyuma yenu, semeni!"

Mchome alimwangalia kama mtu aliyeambiwa jua linatoka kaskazini.

"Tukuite wapi?"

"Mnifungulie njia. Ukoo unafungua, mjane anafuata."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kwani huku si ndivyo?"

"Huku mjane ndiye anayefungua!" Sauti ya ng'ombe ilikuwa imerudi. "Mjane anapita kwanza, siku anayotaka yeye, hakuna wa kumharakisha! Ndugu wanafuata. Hata mama yetu alifanya hivyo, baba alipofia kule bondeni. Tumekungoja wewe! Kijiji kizima kinakungoja wewe, na hakuna mwenye mdomo wa kumwambia mfiwa, haya mama, imetosha!"

Walitazamana. Ukungu ulikuwa unapanda kidogo kidogo, na nyuma ya Mchome Naetwe aliliona shamba lake kwa mara ya kwanza tangu masika, akaliona hasa. Katikati ya maharage palikuwa na barabara. Udongo umekandamizwa ukawa mgumu kama sakafu, na pande zote mbili mashina yamelala, yamepasuka, yameinuka tena yakiwa yamepinda.

"Mchome," alisema. "Maharage yako."

"Usiyataje."

"Wamepita hapo mwaka mzima."

"Mpaka watu wa kijiji cha pili. Mpaka mchungaji, na pikipiki."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Watu wanamheshimu ndugu yangu kwa kunikanyagia mboga, niwazuie?" Alipiga jembe chini. "Mpare mzima, na sisi kesi ndiyo damu yetu, nimeharibiwa shamba misimu miwili, na sijapeleka kesi hata kwa balozi wa nyumba kumi! Unajua jambo hilo limenigharimu nini moyoni? Silali!"

Naetwe alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akaketi kwenye majani mabichi akacheka mpaka akalia, na kilio chenyewe kikawa chepesi, si kile cha mwaka mzima. Mchome naye akaanza, kwanza puani, kisha kwa kifua chote. Panzi walitulia pembeni, hawana la kusema.

Alipopata pumzi alimpigia Nankondo.

"Mrudishe," alisema.

"Dada? Imekubaliwa! Njia imekuwa kijani, nimeona sasa hivi."

"Ifute safari hiyo. Mrudishe alikokuwa. Naenda kuchukua viatu vyangu nyumbani, halafu napita mwenyewe."

Nankondo aliishusha simu. Kisha, mbali na simu, Naetwe alimsikia Nankondo akimwambia mtu aliyekuwa karibu, "Anapita! Mjane anapita! Nitafutie khanga!"

*

Alipotoka nyumbani amevaa viatu vyenye soli, habari ilikuwa imemtangulia. Watu walisimama nyuma ya Mchome pale mlangoni pa njia, hawakuja karibu. Hakuna aliyempa pole wala hongera. Mstari wa juu kwenye Ramani ulikuwa umerudi kijivu, kama ilivyo haki.

Naetwe alikanyaga. Panzi wakanyooka, wakahama, wakashusha migongo. Alipita katikati yao, na safari hii majani yalitikisika.

Njia ilikuwa imefunga. Miba midogo ilimshika gauni, na mahali pawili alilazimika kukata kwa panga. Lakini miguu ilikumbuka: hapa inua, hapa kwepa mzizi. Alikunywa maji chemchemini kama Kajiru. Kwa mwaka mzima alikuwa ameiona kona ile ndotoni, giza limejaa, jiwe kubwa kama nyumba. Alipoifikia palikuwa na jua. Jiwe lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka, la kumtosha mtu mmoja na nusu, na mjusi alikuwa amelala juu yake. Mjusi akaondoka.

Aliketi. Mbele yake kulikuwa na bonde lote, mabati ya Ishinga yaking'aa, na ndiva kama sahani ya udongo. Kumbe hivi ndivyo Kajiru alivyoona. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mahali pale ni pazuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kupataja.

Bila kufikiri alivua kiatu cha kulia, akakigeuza, akakikung'uta.

Watu walikuwa wamesimama chini ya kona. Mchome alisogea, akakohoa.

"Kuna changarawe?"

"Hamna."

"Basi vaa twende. Kuna watu hapa nyuma wameacha chungu motoni."

Alivaa. Akainuka. Nyuma yake walikuja wote, na kila aliyefika penye jiwe aliligusa kidogo kwa mkono, akapita. Sauti zikaanza kurudi taratibu, mtu akauliza bei ya tangawizi, mwingine akamtania mchungaji kwamba leo hana pikipiki. Naetwe alisikia hayo yote mgongoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa anasikiliza kama kuna anayemtaja yeye.

Wakati wa kushuka, simu ilitetemeka. Njia ya Ishinga Juu ni hai. Chini mlangoni panzi walikuwa wanajipanga kuondoka. Walizunguka shamba la Mchome, wakasimama penye ile barabara ya katikati ya maharage, wakaipima kwa miguu ya mbele.

"Hapo msipande mti!" Mchome alipiga kelele akikimbia na jembe. "Hapo ni shamba! Na Jumatatu nikimwona mtu mwenye miguu miwili anapita hapo, namshtaki! Namshtaki mpaka mahakama kuu!"

Nankondo alimngoja Naetwe chini ya mlango wa njia, khanga begani, kishikwambi kifuani.

"Dada, zile nyayo zake," alisema. "Nizifute? Mtu mwingine asije akazitumia."

Naetwe alifikiri. Juu yao watu bado walikuwa wanashuka, mmoja mmoja, na tayari njia ilikuwa inaonekana kama njia.

"Usizifute," alisema. "Zifunge tu, asiweze mtu kuzituma. Zibaki na tarehe zake."